Je, wajua kwa nini mkunga huulizwa alama zake za Kemia?

Binti wa Magu au Misungwi, mkoani Mwanza, akitaka kuwa mkunga leo, haulizwi kwanza kama ana huruma wala kama amewahi kuona mtoto akizaliwa. Anaulizwa cheti cha kidato cha nne. Kemia umefaulu? Baiolojia je? Bila hizo chuo hakimpokei. Bibi yake, ambaye huenda amepokea nusu ya watoto wa kijiji, angecheka.

Kwa bibi njia ilikuwa nyingine. Mkunga wa jadi alikuwa mama mtu mzima aliyekwisha kuzaa mwenyewe. Alianza kwa kumsaidia mama yake au mama mkwe: kuchemsha maji, kumshika mzazi mgongo, kufukia kondo la nyuma. Siku mwalimu wake hayupo, anaitwa yeye, na tangu hapo ni mkunga. Sasa mambo yamegeuka. Anayekupokea leba pale hospitali ya Sekou Toure au Bugando anaweza kuwa binti wa miaka 22 asiye na mtoto, au mwanaume.

Kemia inaingiaje hapo? Chukua kifafa cha mimba. Presha ya mjamzito inapanda, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, mwisho anaanguka na kukakamaa. Wapo ambao hadi leo wakiliona hilo hukimbilia kusema ni pepo. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, chumvi ambayo Waingereza waliipata katika maji ya chemchemi ya Epsom huko karne ya 17. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Ila chumvi hii haitaki mzaha. Kwa kawaida huja kwenye vichupa ikiwa na nguvu ya asilimia 50, kali mno kuingia kwenye mshipa jinsi ilivyo. Mkunga anahitaji gramu 4 zenye nguvu ya asilimia 20. Anavuta mililita 8 za dawa, anaongeza 12 za maji ya sindano, zinatimia 20, anaziingiza polepole. Kisha gramu 10 nyingine zisizoongezwa maji, 5 kila tako. Hesabu hiyo anaipiga saa nane usiku, mgonjwa anarusha miguu na ndugu wanalia mlangoni. Dozi ikizidi, inalegeza misuli ya kupumua. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata anahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, anagonga goti aone kama mguu unaruka, anapima wingi wa mkojo. Kalsiamu glukoneti, inayozima makali ya dawa hiyo, huwa tayari karibu. Somo lile la mimumunyo ambalo wengi tulilisinzia darasani, kumbe lilikuwa na kazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu kila kilichotoka kwa bibi. Mitishamba ya kuongeza uchungu bado inanywewa kimyakimya Kanda ya Ziwa, na shida yake kubwa ni kwamba haina kipimo. Uchungu ukizidi nguvu, mji wa mimba unaweza kupasuka. Lakini bibi alikuwa na kitu kimoja ambacho wodi zetu zimekipoteza: hakumwacha mzazi peke yake. Tafiti zimeonyesha kwamba mwanamke anayekaa na mtu wa kumtia moyo muda wote wa uchungu hupasuliwa mara chache zaidi. Nesi mmoja mwenye vitanda sita atakaa na nani?

Wanaopita chuoni nao hawafanani. Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu, halafu lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga upate leseni. Wapo waliotaka udaktari, alama zikakataa. Wapo waliokuwa wahudumu wa wodi, wakifagia leba na kukusanya mashuka, wakarudia mitihani ya kidato cha nne wakiwa watu wazima. Mimi ningeomba kuzalishwa na huyu wa mwisho, maana alijua kelele za leba kabla ya kujua jedwali la elementi.

Kazi yenyewe hupimwa zaidi katika visiwa vya Ziwa Victoria. Kwenye zahanati ya Ukara au Kome, mkunga akimwona mjamzito mwenye kifafa hasubiri boti ndipo aanze. Dozi ya kwanza huitoa hapo hapo, na namba 115 inapigwa bure kuomba usafiri wa dharura. Dozi inayofuata hutolewa saa 4 zikishapita tangu ya kwanza, na huo ndio muda alio nao wa kumvusha mama hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji.