Neno linalofuata “usiogope”

Mama mmoja wa Kisauni aliniomba msamaha kwa sababu alikuwa anaogopa. Ilikuwa jioni, kesho yake anapasuliwa, nami nilikuwa nimevuta kiti cha plastiki nikaketi kando ya kitanda chake. Leso moja alikuwa amejifunga, ya pili ameishika mkononi, anaivingirisha kidoleni, anaifungua, anaivingirisha tena. “Mchungaji, nisamehe,” akasema. “Nimeokoka miaka ishirini na miwili. Sikufaa kuwa hivi.” Magoti yalikuwa yakimtetemeka chini ya shuka hata kitanda kikilia.

Mimi ni kasisi wa hospitali hapa Mombasa. (Wagonjwa wengi huniita mama mchungaji, ambalo ni jina la mke wa mchungaji. Nimechoka kusahihisha. Mume wangu ni fundi wa friji.) Ukiondoa mazishi na makaratasi, kazi yangu kubwa ni kukaa na watu walioshikwa na hofu. Na nimeona kwamba Mkristo anayeogopa huwa na mizigo miwili: hofu yenyewe, halafu aibu ya kuogopa. Huo wa pili mara nyingi tumemtwika sisi wahubiri. Tumesimama madhabahuni tukasema imani na hofu hazikai nyumba moja, watu wakaitikia Amina. Siku daktari anapotaja neno uvimbe, mtu anaiona hofu imekaa sebuleni kwake, basi anajiambia imani imehama.

Mtakuwa mmesikia kwamba Biblia ina “usiogope” 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ni hesabu tamu, ila si ya kweli. Niliwahi kukaa na itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha kila neno na mistari lilimo) na kalamu nikahesabu mpaka macho yakaniuma, hazifiki. Lakini kuhesabu huko kulinifaa kwa jambo lingine. Niliona kwamba neno hilo ni nadra kusimama peke yake. Karibu kila mara lina mkia. Isaka, baada ya kugombaniwa visima na kuhama mara kadhaa, anaambiwa: “usiogope, maana mimi ni pamoja nawe.” Yeremia kijana, anayesema hawezi kunena: “Usiogope kwa sababu ya hao, maana mimi nipo pamoja nawe.” Isaya 41: “usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe.” Hata wachungaji wa Bethlehemu usiku ule waliambiwa wasiogope, kisha “kwa kuwa” ikafuata.

Maana. Kwa maana. Kwa kuwa. Tunapohubiri tunapiga kelele kwenye “usiogope” na kuimeza sehemu ya pili, kumbe faraja yote imo humo. Ukimwambia mtoto “usilie” ukaenda zako, umemwamrisha tu, na atalia zaidi. Ukimwambia “usilie, nimekuja,” umempa kitu cha kushika. Tena tazama sababu inayotolewa. Yeremia hakuahidiwa njia nyeupe. Baadaye walimtia kisimani kwenye matope, akazama humo. Alichoahidiwa ni mwenzake wa njiani.

Zaburi ya 23 inafanya jambo hilohilo kwa ufundi ambao wengi tuliikariri tangu Shule ya Jumapili bila kuuona. Inaanza kumzungumzia Mungu kama mtu asiyekuwapo chumbani: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Yeye, yeye, yeye. Inapofika kwenye bonde la uvuli wa mauti, msemaji anageuka ghafla: “Sitaogopa mabaya; kwa maana Wewe upo pamoja nami.” Penye malisho mabichi alikuwa akihadithia habari za Mungu, bondeni akaanza kusema naye. (Gongo linalotajwa hapo ni fimbo nene. Nasema kwa ajili ya wasomaji wa Tanzania, ambako gongo hunywewa.)

Yule mama sikumsomea Zaburi ya 23 jioni ile. Nilimsomea mstari mmoja wa Zaburi ya 56: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Nikamwuliza, huyu aliyeandika ana hofu au hana? Akafikiri. “Anayo. Anaiita yake.” Halafu nikamkumbusha Gethsemane, ambako Marko anaandika waziwazi kwamba Yesu alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akawataka rafiki zake wakeshe naye. Kama Mwana wa Mungu aliomba asiachwe peke yake usiku wa hofu, mama wa Kisauni anaomba msamaha wa nini? Bibi wa kitanda cha pili, Mwislamu, ambaye tulidhani amelala, akaitikia kutoka gizani: “Kweli kabisa, mwanangu.”

Somo langu kubwa juu ya hofu, hata hivyo, sikulipata chuo cha theolojia. Nilipewa na mvuvi mzee wa Mtwapa. Alilazwa wodi ya wanaume, mapafu yameisha, anazungumza maneno matatu anapumzika. Aliniomba nimsomee habari ya dhoruba, Marko sura ya nne. Nikasoma mbio, kama mtu anayesoma kitu anachokijua, mpaka nikafika: “Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto.”

“Ngoja,” akasema. “Shetri wajua ni wapi?”

Nikasema ni nyuma ya chombo.

“Nyuma, ndiyo. Na nyuma kuna nini?” Akangoja. Mimi ni mtoto wa Likoni lakini baba yangu alikuwa karani, sikujibu. “Usukani, mwanangu. Omo ni mbele, kunapigwa na wimbi. Shetri ndiko uliko usukani. Abiria alalaye hulala katikati, kwenye mizigo. Huyu kalala kwenye usukani.”

Akapumzika kitambo. Nikadhani amemaliza.

“Hao wanafunzi,” akasema tena, “kumi na wawili wakihangaika na maji, na mwenye chombo wamemkalia karibu na miguu.”

Nimesoma vitabu vingi juu ya mistari ile. Hakuna kilichonifikisha hapo. Neno shetri limekuwa katika Biblia yetu ya Muungano tangu ilipotoka mwaka 1952, na wengi tunalipita kama jiwe la barabarani (watoto wa Shule ya Jumapili wao hubabaishwa na mto, wanadhani Yesu alilala juu ya maji yanayokwenda). Baada ya mzee yule nilirudi kuisoma sura ile polepole, nikaona jambo la pili. Upepo unakoma, kunakuwa “shwari kuu,” na ndipo Marko anaandika kwamba wanafunzi “wakaingiwa na hofu kuu.” Baada ya shwari! Hofu ya kwanza ilikuwa ya maji. Hii ya pili ni ile ambayo Kiswahili kina neno lake zuri, kicho: kugundua ni nani uliyekuwa naye chomboni. Hofu kubwa ikaimeza ndogo.

Mzee alifariki wiki hiyohiyo, kabla ya jua kuchomoza. Nataja hilo kwa makusudi, kwa sababu kuna shuhuda nyingi ambazo mtu akiacha kuogopa lazima na kupona apone. Hakupona. Muuguzi wa zamu aliniambia saa zake za mwisho aliomba kitanda kigeuzwe kielekee dirishani, basi.

Mimi nami nina hofu yangu, isije ikadhaniwa naandika nikiwa ufukoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani na Likoni kwetu, ilipinduka, watu 272 wakafa. Nilikuwa msichana wa shule, na ng’ambo yetu ile matanga yalikuwa kila mtaa. Ulikuwa ukitoka kwenye kilio kimoja unaingia kingine kwa nguo zilezile. Mpaka leo nikishuka mteremko wa Likoni kupanda feri macho yangu hutafuta maboya kabla hayajatafuta pa kusimama. Nimeombewa. Nimefunga. Nimejiombea mwenyewe mara zisizo na idadi, na tumbo bado hujikunja feri inapong’oa. Huvuka nikiunong’ona ule mstari wa Zaburi ya 56, na sehemu ya “siku ya hofu yangu” huwa naisema kwa sauti kidogo zaidi.

Sasa, kuna uhuru gani hapo? Kwa hili naomba tupande matatu ya Kisauni. Makanga ataita “Kengeleni!” na nusu ya abiria watashuka bila kuwaza jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye kengele ambayo ingali pale kando ya barabara. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Aliyetumwa kwake kutoka Uingereza alikuwa Bartle Frere. Miaka miwili baadaye, 1875, wamisionari wa CMS, jumuiya ya Kianglikana ya Uingereza, walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, wakakiita Frere Town kwa jina lake. Waliokombolewa wakapewa viwanja, pakajengwa kanisa na shule. Na kengele, ambayo husimuliwa kwamba iligongwa kuwatahadharisha watu wakati wauza watumwa walipoonekana wakija.

Huwa nawafikiria watu wale usiku. Mchana wako huru, wanalima chao, wanaitana majina yao. Usiku wanalala sikio moja limeitegea kengele. Paulo anawaandikia Warumi: “hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba.” Sura ileile, mbele kidogo, inataja dhiki, njaa, hatari na upanga, kwa hiyo haisemi kengele haitalia tena. Kilichobadilika ni kwamba ikilia una nyumba ya kukimbilia na mtu wa kumwita. Mtumwa akiogopa hujificha. Mtoto wa nyumbani akiogopa hupiga kelele “Baba!”, na kelele hiyo Paulo anaihesabu kuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Mimi nilikuwa nikiihesabu udhaifu.

Ndiyo maana nakasirishwa na wanaouza hofu kwa jina la Yesu, na mjini kwetu hawakosi. Mtu anaingia kanisani na kichwa kinamuuma, anatoka akijua kuna jirani amemfanyia husuda, shangazi amemtupia jini, na kichupa cha mafuta lazima kinunuliwe kabla ya Jumapili. Kipimo changu ni chepesi: tangu uanze kwenda huko, unawaogopa watu wachache zaidi au wengi zaidi? Kama idadi ya maadui inaongezeka kila ibada, hiyo ni ile roho ya utumwa imevishwa kanzu. Sisi wa Pwani hatuna ruhusa ya kulichukulia hili kama mzaha. Mwaka 2023, Shakahola, hapo Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliosadikishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu.

Jambo la mwili nalo nilitaje upesi. Hofu haikai kichwani tu: moyo unakwenda mbio, mikono inakuwa baridi, pumzi inakuwa fupi. Kwa hiyo mgonjwa simwombei haraka haraka. Tunaomba kwa pumzi: akivuta, “Bwana ndiye mchungaji wangu”, akitoa, taratibu, “sitapungukiwa na kitu.” Mara kumi, mara ishirini. Na kama hofu inakujia bila sababu, inakunyima usingizi kwa majuma, au inakuzuia kutoka nyumbani, mwone daktari na umweleze hivyo hivyo. Vidonge na Zaburi havijawahi kugombana wodini kwangu.

Asubuhi ile walimchukua mama wa Kisauni saa mbili. Nilitembea kando ya machela, mkono wake umeshika kifundo cha mkono wangu kwa nguvu za mtu anayevuka mto. Kuna mstari mwekundu sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Asiyevaa nguo za kijani hauvuki. Nimesimama kwenye mstari huo mara nyingi kuliko nilivyosimama mimbarini. Hapo ndipo mahubiri yangu yote huishia, maana kuanzia hapo ule “Wewe” wa Zaburi ya 23 hauwezi tena kuwa mimi. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Magoti yalikuwa bado yanatetemeka. Muuguzi alisema vitu haviruhusiwi ndani, mama akanitupia leso yake, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Saa tano zilipita, au nusu saa, sijui.

Alipozinduka jioni sauti yake ilikuwa kama karatasi. Hakuuliza habari za uvimbe. Aliuliza leso yake iko wapi. Ilikuwa bado mikononi mwangu, nimeivingirisha na kuifungua kutwa nzima mpaka pindo limeanza kufumuka.