Soko huria la benki: amana yako iko salama kiasi gani?

Tangu benki zitaifishwe 1967 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sekta ya benki Tanzania Bara ilikuwa chini ya Benki ya Taifa ya Biashara (NBC), iliyoshika karibu soko lote. Mashirika ya umma na vyama vya ushirika vilikopeshwa hata pale dalili za kulipa zilipokosekana, na mzigo ukaishia kwa Serikali. Tume ya Nyirabu, iliyoundwa na Serikali kuchunguza mfumo wa benki, ikashauri benki binafsi ziruhusiwe. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 1991 ikafungua mlango. Standard Chartered na Meridien BIAO zikaingia 1993. NBC yenyewe iligawanywa 1997, na humo ndimo ilimozaliwa benki ya NMB.

Lakini benki iliyoruhusiwa kushindana imeruhusiwa pia kufa. Meridien BIAO haikufika mbali: 1995 iliporomoka, na shughuli zake nchini zikachukuliwa na Stanbic. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo benki za wananchi za Njombe na Meru.

Hapo ndipo inapoingia Bodi ya Bima ya Amana (DIB), inayowafidia wateja benki inapofungwa. Mteja halipi chochote. Wanaochangia ni benki. Mwaka 2023 kikomo cha fidia kilipandishwa kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Wengi hudhani kila akaunti ina kikomo chake. Sivyo: kinahesabiwa kwa mteja, katika benki moja. Mwenye milioni 6 za akiba na milioni 4 za amana ya muda maalumu katika benki ileile anahesabiwa milioni 10. Bima itamlipa 7.5; zile 2.5 zitasubiri mfilisi, yaani anayesimamia ufungaji wa benki, auze mali na kukusanya madeni, kazi inayoweza kula miaka. Tena kama anadaiwa na benki hiyo, deni hukatwa kwanza.

Kila robo mwaka benki hutangaza hesabu zake. Usikimbilie mstari wa faida. Tazama mikopo chechefu, yaani iliyopitisha siku 90 bila kulipwa: Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Kisha linganisha mtaji na robo zilizopita. Mtaji ukipungua mfululizo huku benki ikiahidi riba ya amana kubwa kuliko wenzake wote, kuna uwezekano mkubwa inasaka fedha za kuziba pengo.