Dirisha linaloganda: kupima joto la friza kwa Raspberry Pi

Ukiandika programu ya Python ya kuonyesha joto la friza la samaki kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), tuseme pale Malindi, utaliona mapema: namba zinabadilika, lakini vitufe vinabonyezwa na havijibu. Kihisi cha DS18B20, kikipima kwa biti 12, huchukua hadi milisekunde 750 kwa kipimo kimoja, na Tkinter (maktaba ya Python ya kuchora madirisha) huchora dirisha kwa thredi moja tu, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu. Ukikisoma ndani ya thredi hiyo, dirisha zima hungojea. Ukitia na `while True` (kitanzi kisichoisha), ndiyo basi tena.

Kazi ya kusoma ipe thredi ya pembeni yenye `daemon=True` (hufa programu ikifungwa), iweke namba kwenye foleni ya `queue.Queue`. Dirisha nalo liichungulie foleni kwa `root.after(500, angalia)`, na `angalia` ijiite tena mwishoni. Thredi ya pembeni isiguse lebo wala kitufe! Programu yaweza kwenda vizuri kwa muda, kisha ikaanguka bila ya kukuachia dalili.

Waya za kihisi kwenye pini za Pi: mwekundu pini ya 1 (volti 3.3), mweusi ya 6 (ardhi), wa njano ya 7 (data). Rangi hutofautiana, kwa hiyo hakikisha kwanza. Kati ya njano na nyekundu weka rezista ya kilo-omu 4.7, bila ya hiyo kihisi hakionekani. Usitumie volti 5, pini ya data haizistahamili. Ongeza `dtoverlay=w1-gpio` ndani ya `/boot/firmware/config.txt`, uwashe upya, halafu tafuta folda inayoanza na `28-` katika `/sys/bus/w1/devices`. Kwenye faili la `w1_slave`, mstari wa kwanza ukiishia `YES`, kipimo kimefika bila ya kuharibika njiani: `t=-18062` ni nyuzi -18.062.

Friza likionyesha nyuzi 85 kamili, kihisi kimezimika kikawaka bila ya kupima. Kagua viungio, maana hewa ya chumvi hula shaba upesi; vilehemu kwa risasi, uvivike mpira wa kusinyaa. Kisha andika `vcgencmd get_throttled` kwenye terminali. Jibu la `0x50000` maana yake umeme uliwahi kushuka, na mara nyingi mkosa ni chaja au waya mwembamba wa USB.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, memori kadi huweza kuharibika. Ndani ya `raspi-config` (menyu ya mipangilio ya Pi) washa overlay, inayoweka mabadiliko kwenye RAM, ili kadi isiandikwe, kumbukumbu za joto zihifadhi kwenye flashi ya USB, kwa mkupuo, kila dakika kumi.