Stadi za maisha kwa njia ya mradi: maana yake na inavyofanyika shule ya msingi

Stadi za maisha ni uwezo wa mtu kukabili mambo yanayomkuta kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa shule wa mwaka 1993, lilitaja stadi kumi za msingi: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, fikra bunifu, fikra tunduizi, mawasiliano, kuishi vizuri na watu, kujitambua, kuhisi yanayompata mwenzako, kumudu hisia na kumudu msongo wa mawazo. Ukizisoma moja moja utaona kwamba hakuna inayoingia kichwani kwa kuandikwa ubaoni. Mtoto anaweza kukariri hatua za kutatua tatizo, akapata alama zote kwenye mtihani, na bado akaja kwa mwalimu akilia kwa sababu mwenzake amekalia kiti chake.

Hapo ndipo mradi unapoingia. Kujifunza kwa mradi ni pale wanafunzi wanapokuwa na haja ya kweli, wakapanga wenyewe namna ya kuitimiza, wakafanya kazi kwa mikono yao, kisha wakakaa kupima kilichotokea. Mmarekani William Heard Kilpatrick, aliyeandika kuhusu mbinu hii mwaka 1918, alitaja hatua nne: kukusudia, kupanga, kutekeleza na kupima. Shuleni hatua ya tatu haikosekani kamwe. Zinazopotea ni nyingine tatu, kwa sababu mwalimu hukusudia na kupanga kwa niaba ya watoto, na muda wa kupima huishia kwenye kusafisha vifaa.

Ndiyo maana si kila kazi ya mikono ni mradi. Darasa zima likisuka mkeka kwa kufuata mfano mmoja, wanafunzi wanajifunza kusuka, na ni vizuri. Wakifagia uwanja, uwanja unakuwa safi. Lakini katika kazi zote mbili hakuna alichoamua mtoto. Julius Nyerere alilisisitiza hili katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: shamba la shule lina thamani ya elimu pale wanafunzi wanaposhiriki kupanga na kuamua. Kipimo chepesi ni hiki: kabla ya kuanza, mwalimu aandike maamuzi atakayowaachia watoto. Asipopata walau matatu, au walau moja kwa darasa la kwanza na la pili, hiyo bado ni kazi tu, hata iitwe jina gani.

Mfano mmoja kwa karibu: kibuyu chirizi

Kibuyu chirizi ni chombo cha kunawia mikono kinachoinamishwa kwa mguu. Kinafaa darasa la nne na kuendelea, na vifaa vyake ni vichache: dumu la plastiki la lita 5 lenye mpini, nguzo mbili zenye panda za urefu wa mita 2 hivi, fito ya mita 1 ya kulaza juu ya panda, fito nyingine ya kukanyagia, kamba, msumari, mshumaa, sabuni ya kipande na ndoo moja ya changarawe.

Nguzo zinasimikwa umbali wa sentimita 60 hivi, kila shimo likiwa na kina cha sentimita 45. Msumari unapashwa moto kwa mshumaa ukiwa umeshikwa kwa koleo, kisha unatoboa dumu sentimita 12 chini ya kifuniko. Kazi hii ifanyike nje penye hewa, na kwa wanafunzi wadogo aifanye mwalimu mwenyewe. Fito ya juu inapitishwa kwenye mpini wa dumu na kulazwa juu ya panda. Kamba inafungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye fito ya kukanyagia, ambayo ncha yake moja inalala chini na nyingine inaning'inia sentimita 15 hivi juu ya ardhi. Mtoto akikanyaga, shingo inainama na maji yanachirizika. Sabuni inatobolewa katikati na kutundikwa kwa kamba pembeni. Chini kunachimbwa beseni ya kina kifupi inayojazwa changarawe ili pasiwe tope.

Hadi hapo ni ujenzi. Stadi za maisha zinaanza pale kitu kinapogoma, na kibuyu chirizi hugoma kwa njia zinazojulikana. Kamba ikiwa fupi, dumu linabaki limeinama na maji yanadondoka mchana kutwa. Ikiwa ndefu, mguu unagusa ardhi kabla dumu halijainama. Tundu likiwa kubwa, maji yanakwisha kabla nusu ya darasa haijanawa. Nguzo zilizosimikwa kwenye shimo fupi zinaanza kuyumba ndani ya siku chache. Mwalimu anayekimbilia kurekebisha kamba amewanyang'anya watoto somo lenyewe. La kufanya ni kuuliza: "Mguu wako umefika wapi? Dumu limefika wapi? Kati ya hapo kuna nini?" Kisha anyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kutoboa dumu, lakini watoto wakiachiwa dakika tano, mara nyingi kuna mmoja anayeigusa kamba.

Kuna mtego mwingine mzuri ndani ya chombo hiki. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, kila mmoja ananawa mara mbili kwa siku, na kundi limekinga maji ya mnawo mmoja kwenye kopo likapata mililita 100. Hesabu yao ni 40 mara 2 mara 100, yaani lita 8. Dumu ni la lita 5, basi wanaamua lijazwe mara mbili. Siku ya kwanza maji yanakwisha mapema na lawama zinaanza: fulani amechezea maji, darasa jingine limetuibia. Ukweli uko kwenye tundu. Dumu lililotobolewa sentimita 12 chini ya kifuniko halijai zaidi ya hapo, kwa kuwa maji yakifika kwenye tundu yanatoka. Wapewe chupa ya lita 1 wapime wenyewe. Kama dumu linabeba lita 3 tu, linahitaji kujazwa mara tatu, au tundu lipandishwe juu zaidi na dumu likubali kuinama sana, au litafutwe dumu la pili. Hapo kuna uamuzi wa kweli wenye faida na hasara kila upande. Pia kuna jambo la kujifunza kuhusu kumlaumu mtu kabla ya kupima.

Kundi na mgogoro wake

Watoto wanne hadi sita kwa kundi wanatosha. Wakizidi hapo, wawili wanafanya kazi na waliobaki wanatazama. Kila mmoja awe na jukumu linalotajika: mtunza vifaa, mpimaji, mwandishi wa daftari la mradi, msemaji wa kundi. Majukumu yazunguke kila wiki, la sivyo mwenye mwandiko mzuri ataandika mwaka mzima na mwenye nguvu atabeba maji mwaka mzima. Angalia pia kama wasichana ndio wanaopewa kufagia na kuteka maji huku wavulana wakishika nyundo. Hilo hujipanga lenyewe pasipo mtu kusema neno, na halijirekebishi lenyewe.

Mgogoro mkubwa hauji wakati wa kujenga, kwa kuwa kujenga kunafurahisha. Unakuja wiki ya pili, inapobidi mtu ajaze dumu kila asubuhi. Mwalimu akipanga zamu mwenyewe, mgogoro unafichika na stadi haijengeki. Kundi lipange zamu, liandike ni nini kitafanyika mwenye zamu asipofika, na libandike karatasi hiyo ukutani. Siku dumu litakapokutwa tupu, mazungumzo yaanzie kwenye karatasi. Mtoto aliyesahau aeleze kilichotokea, wenzake waseme kiliwaathiri vipi, na zamu irekebishwe. Kumvua jukumu mara moja kunamfundisha tu kwamba ukikosea unaondolewa.

Muda na ukubwa wa mradi

Darasa la kwanza na la pili wapewe mradi unaokwisha ndani ya siku moja hadi wiki moja, wenye uamuzi mmoja au miwili. Mfano ni kuotesha mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu na kuamua kitambaa kiwekwe wapi. Madarasa ya kati yanaweza kumudu wiki mbili au tatu. Darasa la tano na kuendelea wanaweza kufika wiki sita, mradi kila wiki iwe na kitu kinachoonekana kuwa kimesogea. Mradi wa muhula mzima huwa mrefu mno kwa wengi wao. Hamu inakufa na mwalimu anajikuta anaumalizia peke yake.

Kipindi cha dakika 40 kigawanywe hivi: dakika 5 za kukumbushana mpango, 25 za kazi, 10 za kupima. Zile 10 za mwisho zilindwe kwa wivu. Maswali matatu yanatosha: tulipanga nini, kimetokea nini, kesho tutabadilisha nini. Majibu yaandikwe kwenye daftari la mradi hata kwa sentensi moja moja, na wadogo wachore.

Kutoa alama

Kosa la kawaida ni kupima chombo badala ya mtoto. Kibuyu chirizi kilichopendeza kinaweza kuwa kimejengwa na mtoto mmoja mwenye bidii, au na mzazi wake nyumbani. Kilichopinda kinaweza kuwa kimepita kwenye majaribio manne na kundi lililojifunza mengi zaidi. Mwalimu achague stadi mbili tu kwa mradi mmoja, kwa mfano kutatua tatizo na mawasiliano, na aandae karatasi yenye ngazi tatu kwa kila stadi. Kwa kutatua tatizo, ngazi ya kwanza ni mtoto anayesubiri aambiwe, ya pili ni anayejaribu njia moja akiongozwa, ya tatu ni anayejaribu njia zaidi ya moja na kueleza kwa nini ya kwanza ilishindwa. Hakuna mwalimu anayeweza kuwatazama watoto 40 kwa wakati mmoja. Awaangalie watano au sita kila kipindi, aandike alichokiona na kukisikia badala ya anachodhani, na ndani ya vipindi vinane darasa lote litakuwa limefikiwa walau mara moja.