Usilitukane kopo, tazama kipimajoto

Jumamosi amenijia tena mmoja wa hawa wanaopika bia nyumbani kwa rojo la kimea la kopo. Tumwite bwana wa Casuarina, upande wa hapa hapa Malindi. Ana chupa mbili ndani ya kikapu, ananikabidhi kwa uso wa mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. "Fundi, onja mwenyewe. Si nilikwambia haya makopo ni uongo? Sasa nataka unifundishe kupika kwa shayiri yenyewe."

Nikafungua moja. Ikatoka harufu ya ndizi iliyopitiliza kuiva, na nyuma yake kitu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Sikuhitaji kuonja. Nikamuuliza ndoo aliiweka wapi.

"Jikoni, nyuma ya mlango."

Februari. Malindi. Nyuma ya mlango wa jikoni.

Huyu ni wa nne tangu Disemba, na wote wanne wana wimbo mmoja: bia ya kopo si bia halisi, ina "ladha ya kopo", anayetaka bia ya kweli aanze na nafaka. Nimechoka kulieleza hili nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo naliandika, na atakayekuja tena nitamwelekeza hapa.

Ndani ya kopo mna bia iliyosimamishwa njiani, basi. Kiwandani wamechukua kimea cha shayiri, wakakiponda, wakakiloweka katika maji ya nyuzi 65 hivi mpaka vimeng'enya vyake vikageuza wanga kuwa sukari. Wakachuja togwa. Wakaitia uchungu wa hopsi, yale maua ya kukolezea bia. Kisha wakayatoa maji kwa mvuke ndani ya mtambo ulionyonywa hewa, ili yachemke kwa joto dogo, mpaka likabaki rojo zito kama asali. Kopo la kawaida ni kilo 1.7. Kazi yako wewe ni kurudisha maji hadi lita 23, kuongeza sukari au kimea kingine, kutia hamira na kungoja.

Tofauti yake na kuanza na nafaka ni ile ya tui la pakiti na nazi ya kukuna mwenyewe. Anayekaa juu ya mbuzi ana uhuru: anaamua kasimile iwe nzito kiasi gani, na tui la pili alikamue mara ngapi. Wa pakiti amepewa lililoamuliwa na mwingine. Lakini wali ukiungua, hakuna mpishi wa pwani hii atakayelilaumu pakiti. Ataulizwa moto ulikuwaje.

Na bia ya yule bwana iliungua. Hamira nyingi za eli, aina ya bia isiyohitaji baridi kali, zinataka nyuzi 18 hadi 22. Kaskazi ikivuma, jikoni kwetu ni 30 mchana, na usiku haupoi kitu. Tena kuchachuka kwenyewe kunazaa joto: kilichomo ndani ya ndoo hupanda nyuzi 3 hadi 5 juu ya hewa ya chumba. Kwa hiyo hamira yake ilifanya kazi kwenye 33 au 34. Kwa joto hilo hamira hukimbia kama punda aliyechomwa na nyigu, inamaliza sukari kwa siku mbili, na katika purukushani hiyo inamwaga esta, yaani kemikali zenye harufu ya ndizi na gundi, pamoja na vile vilevi vizito vinavyokwaruza koo. Angetia togwa ya shayiri bora kabisa duniani kwenye ndoo ile ile, nyuma ya mlango ule ule, angepata ndizi ile ile. Ila angekuwa amepoteza siku nzima na mtungi wa gesi.

Mwaka jana nilifanya jaribio la kumnyamazisha mtu mmoja aina yake. Kopo moja, hamira moja, nikagawa ndoo mbili za lita 11 na ushei. Moja nikaiacha chumbani. Nyingine nikaitia kwenye friza kuukuu niliyoifunga themostati, nikaweka 19. Baada ya wiki tano nikampa glasi mbili bila kumwambia kitu. Ile ya chumbani akaikunjia uso: "Kopo hili." Ile ya friza akainywa yote, akapangusa masharubu, akasema, "Eh, hii sasa ndiyo shayiri." Nilipomwonyesha kopo tupu moja aliniona tapeli.

Kuna hoja wanayopenda kunitupia hapa: mbona tembo la mnazi halihitaji friji? Halihitaji kwa sababu mgema hashindani na miezi. Analishusha asubuhi likiwa tamu, jioni ni kali, kesho yake unalitia kwenye achari. Chachu za hewani na bakteria wanafanya wapendavyo, na mnywaji anakwenda nalo mbio. Bia inakaa chupani wiki kadhaa, na kila kosa ulilolifanya linakaa humo likikusubiri.

Sisemi kopo halina makosa. Linayo mawili, na hayo ndiyo ningependa watu wanilalamikie. La kwanza ni uzee. Rojo la kimea likikaa kwenye joto linazidi kuwa jeusi, na ladha yake inachakaa, inakuwa kama kalamu ya wino. Sasa fikiria kopo lililovuka bahari ndani ya kontena, likashinda juani bandarini, kisha likawekwa rafuni karibu na dirisha. Lipindue usome tarehe chini kabla hujalipa. Na kile kipakiti cha hamira cha gramu chache kilichofichwa chini ya kifuniko kimepita safari hiyo hiyo. Mimi huwa nakitupa, natia kipakiti kipya cha gramu 11 kilichokaa ndani ya friji.

La pili ni yale maelezo ya kwenye lebo yanayokwambia uongeze kilo moja ya sukari nyeupe. Sukari ya chai inachachuka yote, haiachi mwili wowote, unabaki na bia nyepesi kama maji ya kuoshea birika. Badala yake tia kopo la pili, au kilo ya rojo la kimea lililokaushwa likawa unga. Ni ghali, najua. Sibishani juu ya hili.

Na kwa mji huu kopo lina faida ambayo hakuna anayenishukuru ninapoitaja: maji. Tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vingi vya hapa ni magumu na yana chumvi, sabuni inakataa kutoa povu. Anayeloweka nafaka anatakiwa kuuweka uchachu wa mchanganyiko kwenye pH 5.2 hadi 5.6, na maji yenye kaboneti nyingi yanampandisha juu, hasa kwa bia nyeupe. Wa kopo hahangaiki hivyo; kuloweka kulifanyika zamani kwa maji ya wengine, na madini yamo tayari. Anatafuta tu maji laini, hata ya mvua aliyoyachemsha. Ya bomba yenye klorini yachemshe kwanza, ama sivyo bia itanuka hospitali.

Ukiniambia bado unataka kuanza na nafaka, karibu, nitakufundisha na utafurahi. Jitayarishe kwa kilo 5 za kimea kwa ndoo moja, saa tano au sita za kusimama, na kazi ya kupoza lita 25 zinazochemka wakati maji ya bomba lako yenyewe ni nyuzi 28. Hapo ndipo wengi wa pwani huvunjika moyo. Mimi humpitisha mwanafunzi njia ya kati kwanza: loweka gramu 500 za kimea cha rangi kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa nusu saa, chuja, tia rojo la kopo lisilo na hopsi, kisha chemsha hopsi zako mwenyewe. Bia itakuwa yako, na kiuno utabaki nacho.

Huna friza? Taulo bichi na feni husaidia kidogo tu, maana hewa yetu ina unyevu mno. Chupa mbili za barafu asubuhi na mbili jioni ndani ya beseni la maji zinasaidia zaidi. Lakini ningekuwa wewe ningeagiza kveik, hamira za mashambani za Norwe. Ile ya Voss inapenda nyuzi 35 hadi 40. Ajabu ya Mungu, watu wa baridi ile wametulimia hamira ya Malindi.

Mengine nitayapitia haraka.

"Bia ya nyumbani inapofusha." Kinachopofusha ni methanoli ya viwandani ambayo watu wasio na haya huitia kwenye pombe kali. Kumi kumi, ile pombe haramu, iliyoua zaidi ya watu 100 Nairobi mwaka 2000 ilikuwa na methanoli. Shayiri iliyochachushwa haitoi kiasi cha kumdhuru mtu. Bia yako ikiharibika itakuudhi tu.

"Hamira ni hamira, hata ya mandazi." Ni ndugu wa damu kweli, na pombe utapata. Lakini haitulii chini, na ladha yake utaijua.

"Mapovu yakikoma, tia chupani." Hili liliwahi kunigharimu chupa 11 zilizopasuka chini ya ngazi, saa nane ya usiku, na mama mkwe aliyekuwa mgeni akajifungia akidhani tumevamiwa na majambazi. Kizibo cha hewa kinaweza kunyamaza na sukari bado imo. Tumia haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Ukianza na 1.040 na ukafika 1.010, pima tena baada ya siku mbili. Namba isiposogea, ndipo ujaze, kwa gramu 6 au 7 za sukari ya kutia gesi kwa kila lita. Usikisie kwa kijiko.

"Napika kwangu, siuzi, sheria hainihusu." Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka leseni kwa kutengeneza pia, si kuuza peke yake. Pita ofisi za kaunti kabla hujanunua ndoo.

Yule bwana wa Casuarina nilimwambia haya yote, akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yangu. Jana usiku amepiga simu kuuliza gunia la kimea ni bei gani. Nimemwambia anunue kipimajoto kwanza, akitundike nyuma ya mlango wa jikoni, aniambie saa nane mchana kinasoma ngapi. Mpaka sasa hajapiga.