Upimaji wa dawa za kulevya na pombe katika karakana za ndege: maana yake

Mpango wa upimaji wa dawa za kulevya na pombe, kama unavyoeleweka katika usafiri wa anga wa Marekani, ni utaratibu wa kisheria unaomtaka mwajiri ahakikishe kwamba fundi anayetengeneza ndege ya abiria hafanyi kazi hiyo akiwa ametumia vitu hivyo. Masharti yake yamo katika Sehemu ya 120 ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA, ilhali namna ya kuchukua sampuli, kuipima na kutoa majibu imeelezwa katika Sehemu ya 40 ya kanuni za Wizara ya Uchukuzi.

Jambo linaloelekea kuwachanganya wenye karakana ni chanzo cha wajibu huu. Cheti cha karakana kinachotolewa chini ya Sehemu ya 145 ya kanuni za FAA hakimlazimishi mwenye nacho kuanzisha mpango, kwa kuwa wajibu hutokana na mteja. Karakana inayotengeneza ndege za watu binafsi peke yake haiguswi, lakini ikipokea kazi ya shirika la ndege za abiria, kila fundi atakayeishika kazi hiyo lazima awe ndani ya mpango, ama wa shirika lenyewe ama wa karakana. Karakana yenye cheti inayotaka mpango wake huomba aya ya A449 iingizwe katika masharti yake ya uendeshaji, na kampuni isiyo na cheti hujisajili kwa FAA. Wajibu huo huifuata kazi hata inapopitishwa kwa mkandarasi wa pili au wa tatu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha dhana nzima, kwani abiria hana njia yoyote ya kujua boliti ya injini ilikazwa na mkono wa nani.

Fundi mpya haanzi kazi hiyo kabla mwajiri hajapokea majibu yanayoonyesha kuwa hana dawa za kulevya mwilini. Baada ya hapo anaweza kuteuliwa kwa bahati nasibu wakati wowote, na aliyekwisha kupimwa hurudishwa kwenye orodha, hivyo anaweza kuteuliwa tena mwaka huohuo. Kiwango cha chini ambacho kimetumika kwa miaka mingi ni asilimia 25 ya wafanyakazi kwa dawa na asilimia 10 kwa pombe kila mwaka. Vipimo vingine hufanyika baada ya ajali, msimamizi aliyepata mafunzo anapokuwa na shaka yenye msingi, na mfanyakazi aliyekiuka kanuni anaporudi kazini.

Kwa upande wa pombe, kipimo cha pumzi cha 0.04 au zaidi (gramu za pombe katika lita 210 za pumzi) ni ukiukaji, na fundi hapaswi kunywa katika saa 4 kabla ya zamu, wakati rubani anazuiwa kwa saa 8.

Haki ya mfanyakazi imelindwa kwa makini, na mwajiri anayeandaa mpango asiichukulie sehemu hii kuwa makaratasi tu. Sampuli ya mkojo hugawanywa katika chupa mbili mbele ya mfanyakazi. Maabara ikigundua dawa, daktari mhakiki huzungumza naye kwanza ili kujua kama kuna sababu halali ya kitabibu, kama vile dawa aliyoandikiwa hospitalini. Daktari akithibitisha ukiukaji, mfanyakazi ana saa 72 za kuomba chupa ya pili ipimwe katika maabara nyingine, ingawa huondolewa kwenye kazi nyeti kwa usalama, kama utengenezaji wa ndege, bila kusubiri majibu hayo.

Kwa muda mrefu karakana zilizo nje ya Marekani hazikubanwa na masharti haya. Desemba 2024 FAA ilitoa kanuni inayozihusu zile zenye cheti chake zinazotengeneza ndege za mashirika makubwa ya Marekani, na zimepewa hadi Desemba 2027 kuitekeleza.