Je, wajua nani hutumia pesa vizuri zaidi, serikali au mwenye pesa?

Pemba ina jibu la zamani, nalo limo kwenye karafuu.

Mwaka 1968 lilianzishwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na karafuu ikawa haina mnunuzi mwengine. Mkulima alichuma, akachambua makonyo, akaanika juu ya jamvi, akapeleka kituoni na kupokea bei iliyokwisha kupangwa. Miaka ya 1970 karafuu ilipanda sana duniani, lakini yeye alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Iliyobaki iliingia serikalini, ikasaidia kulipia shule na matibabu ya bure na majumba ya Michenzani.

Shule hazikuwa hasara hata kidogo. Lakini mkarafuu huchukua miaka kadhaa mpaka uzae, na nani atapanda mche leo ikiwa faida yake itaamuliwa na mtu asiyemjua? Mashamba mengi yakaingia mwitu. Magunia yakavushwa bahari usiku kwa magendo mpaka Kenya. Katika utawala wa Rais Ali Mohamed Shein, ulioanza 2010, serikali iliahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na karafuu zikarudi vituoni.

Kwa nini? Mwenye pesa ndiye anayeumia zikipotea, na ndiye anayejua nyumba yake imekosa nini. Ofisa wa serikali aliyekaa Vuga, mjini Unguja, anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini hajui kama bibi wa Micheweni mwezi huu anahitaji unga au nauli ya kwenda hospitali. Ndiyo maana napenda Pencheni Jamii ya serikali ya Zanzibar. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka 70, na matumizi anapanga mwenyewe. Wapo wanaohofia kuwa maskini akipewa taslimu ataichezea. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali, na karibu zote zilionesha kuwa pesa hizo haziongezi matumizi ya pombe na tumbaku.

Ila kuna vitu havinunuliwi kwa kipande. Mpaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo waya wa umeme ulipofika kutoka Tanga, ukipita chini ya bahari. Hakuna mkulima ambaye angenunua mita zake tatu za waya, hata angevuna vipi. Mbu nao ni hivyo hivyo: ukipiga dawa nyumba yako peke yako, wa jirani watakufuata.

Kwa hiyo mkulima anapopima karafuu zake kituoni, zile asilimia 80 ni zake, azitumie atakavyo. Zile 20 zinazobaki serikalini ana haki ya kuziulizia kila msimu: zimeleta miche mingapi, na zimetengeneza njia gani ya shamba?